Elfu 10 kwa kichwa: hivi ruzuku ya shule za serikali Dar inagawiwa kwa haki kweli?

Baba Wawili Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili kwa hesabu na siyo kwa mihemko, maana nyuzi za elimu humu huwa zinaanza vizuri zinaishia kwenye uchawa na matusi.

Tunajua wote kwamba elimu bila malipo ilikuja na Waraka namba 5 wa 2015, ikaanza Januari 2016, Hazina ikawa inatoa bilioni 18.77 kila mwezi kwenda mashuleni. Sawa. Ila wengi hawajui kwamba ile ruzuku ya elfu 10 kwa mwanafunzi wa msingi haikuanza na Magufuli, ni ya tangu enzi za Mkapa kwenye MMEM (ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), 2002 huko, ada ya msingi ilipofutwa. Walipiga hesabu ya dola 10 kwa mtoto kwa mwaka na dola ilikuwa haijafika hata 1,000, ndo ikawa elfu 10. Leo dola iko juu ya 2,400 na elfu 10 bado ni elfu 10 ile ile. Saruji imepanda, rimu imepanda, fundi bomba kapanda, mtoto bado elfu 10.

Na hiyo elfu 10 haifiki yote. Elfu 4 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayoingia kwenye akaunti ya shule ni elfu 6. Gawa kwa miezi 12. Mia tano. Yaani mtoto mmoja kwa mwezi mzima serikali inampa mwalimu mkuu hela ya chapati moja, ndo humo humo atoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo, umeme, maji na kila kitu.

Sasa njoo kwenye hoja yangu. Mimi niko Temeke, huku kwetu shule ya watoto 3,000 siyo hadithi, nenda Mbagala, Chamazi, vuka uende Gongo la Mboto mpaka Chanika utazikuta. Shule ya watoto 3,000 inapata kama milioni 1 na nusu kwa mwezi. Mtu wa mbali akisikia anasema hawa wana hela, shule ya kijijini ya watoto 400 inapata laki 2. Lakini angalia vyoo tu. Mwongozo wa serikali wenyewe unasema tundu moja wasichana 20, wavulana 25. Watoto 3,000 nusu kwa nusu ni matundu 75 ya wasichana na 60 ya wavulana, jumla 135. Nani ameona shule ya Mbagala ina matundu 135? Kwa hiyo yaliyopo yanatumika mara 4 mara 5 ya uwezo wake, chemba inajaa, na huku mjini chemba ikijaa huchimbi nyingine pembeni kwa sababu hakuna pembeni, uwanja umeshabanwa na nyumba za watu pande zote. Lazima uite gari la majitaka, na wale jamaa hawakopeshi. Maji ya kumwagia vyoo hivyo ni ya kulipia bili. Getini lazima mlinzi, usipoweka mlinzi uswahilini asubuhi huna koki.

Hizo gharama shule ya kijijini ya watoto 400 nyingi hainazo, ina shida zake nyingine. Fomula haiangalii lolote kati ya hayo, inahesabu vichwa basi. Mimi nasema kugawa sawa kwa kichwa siyo kugawa kwa haki, na wa kwanza kuumia ni watoto wa uswahilini kwenye miji mikubwa, maana mtu akisikia Dar anawaza Masaki kwa matajiri.

Karibuni.

---

Chief Kiazi

Nipo siti ya mbele kabisa, wa nyuma mtatusimulia

---

Mwl wa Porini

Mkuu nimekusoma vizuri na hesabu zako ziko sawa ila umeficha hela kubwa kuliko zote, na sidhani kama ni kwa bahati mbaya hahaha.

Ruzuku ni hela ya pipi. Hela halisi ambayo serikali inaweka kwenye shule ni MSHAHARA WA MWALIMU. Nipo mkoa wa Kigoma, siitaji shule, tuna watoto 700 na walimu tuko 5. Tuseme kila mwalimu anakula laki 6 kwa mwezi kwa wastani, sisi watano ni milioni 3, gawa kwa watoto 700, kila mtoto anapata kama 4,300 kwa mwezi. Sasa shule yako ya watoto 3,000 hapo Mbagala weka walimu 50, hao ni milioni 30 kwa mwezi, kila mtoto elfu 10. Umeona? Kabla hujafika kwenye hiyo mia tano yako ya chapati, mtoto wa Dar ameshapewa mara mbili na zaidi ya mtoto wangu. Na kiwango cha serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 45, wewe una 60 mimi nina 140.

Kila mwaka wakiajiri wanatuletea vijana 2, mmoja anaripoti anachukua hela ya kujikimu, miezi michache anaanza kufuatilia uhamisho, amepata mchumba Dar, anafuata mwenza. Sijawahi kuona mtu anafuata mwenza kuja huku.

Halafu suala la vyoo, unasema kijijini tunachimba pembeni. Tunachimba nani? Wazazi ndo wanachimba, wanaleta mawe na mchanga, nguvu za wananchi. Hiyo haiandikwi kwenye mahesabu ya Hazina ila ni mchango, tena mkubwa. Huku mvua ikinyesha sana shimo linabomoka tunaanza upya.

Kwa hiyo kama ni haki tuanzie kwenye walimu.

---

Baba Wawili Mbagala

@Mwl wa Porini sijaficha, nashukuru umeileta maana inanisaidia. Hao walimu 50 wa Dar wako wapi? Nenda shule za katikati ya mji, Upanga, Kariakoo, Oysterbay, uone staff room imejaa mpaka vipindi wanagawana. Njoo kata za pembezoni huku, Chamazi, Msongola, Zingiziwa, mwalimu anapangiwa anafanya yale yale ya kwako, anasema nauli, anasema barabara mbovu, anaomba kuhamia karibu na lami. Wastani wa wilaya unaficha kila kitu. Ukichukua walimu wote wa Ilala ukagawa kwa wanafunzi wote unapata namba nzuri ya kusomea bungeni, kumbe kuna shule mwalimu ana watoto 40 na nyingine ndani ya halmashauri hiyo hiyo ana 120.

Kwa hiyo mimi na wewe hatupingani. Mtoto wako na wa kwangu wote wanapunjwa na fomula moja isiyoangalia mtoto yuko wapi.

---

Mama Shamsa

mimi naongelea michango maana hapo ndo sisi wakina mama tunaumia, elimu bila malipo sawa lakini kwenye grupu la wazazi la wasap kila wiki kuna kitu, hela ya mtihani wa wiki, rimu moja kwa kila mtoto mwanzo wa muhula, hela ya mlinzi, hela ya maji, uji, na masomo ya ziada ya darasa la 4 na la 7, ukijumlisha kwa mwezi inazidi hiyo elfu 10 ya mwaka mzima na mimi nina watatu

Ila siwalaumu walimu. Mnakumbuka Januari 2018 Magufuli alipopiga marufuku michango yote? Tulishangilia mtaa mzima. Shule ya wanangu mlinzi alikuwa analipwa na mchango wa wazazi, mia mbili mia mbili, ikasitishwa, mlinzi akakaa mwezi mmoja bila mshahara akaondoka zake na simlaumu. Haikupita muda koki zote za choo cha wasichana ziliibiwa, zile za chuma, na mita ya maji ikang'olewa. Watoto wakawa wanabeba maji kwenye dumu la lita 5 kutoka nyumbani, wangu wa darasa la pili anashuka daladala na begi na dumu konda anamfokea. Michango ikarudi kimya kimya, safari hii inaitwa makubaliano ya wazazi.

---

Chief Kiazi

"Makubaliano ya wazazi" 😂😂 mimi nilikubaliana kwenye kikao ambacho sikuhudhuria

---

Vitabu vya Hesabu

Ngoja niweke mambo sawa kidogo kuhusu hela inavyotembea, maana niko halmashauri (siyo ya Dar) na haya ndo nakula nayo kila siku.

Zamani ruzuku ilikuwa inapitia halmashauri, ikifika shuleni imechelewa na imepungua, mwalimu mkuu hajui alitakiwa apate ngapi. Kuanzia 2016 inatoka Hazina moja kwa moja mpaka akaunti ya shule. Hayo ni maboresho makubwa msiyabeze. Mwalimu mkuu wa msingi anapewa na posho ya madaraka laki 2 kwa mwezi, mkuu wa sekondari laki 2 na nusu, hiyo ni nje ya ruzuku. Sekondari ruzuku ni elfu 25 kwa mwanafunzi kwa mwaka na juu yake kuna fidia ya ada, ile elfu 20 ya kutwa na elfu 70 ya bweni ambayo wazazi walikuwa wanalipa, sasa inalipa serikali.

Tatizo la miji ambalo mwanzisha uzi hajaligusa ni TAKWIMU. Hela inakuja kwa idadi ya watoto waliosajiliwa kwenye mfumo. Kijijini idadi haibadiliki sana. Dar watu wanahama kila mwisho wa mwezi, kodi imeisha, baba kapata kibarua Bunju, familia inabeba godoro na watoto. Shule inapokea wahamiaji Februari, Machi, mpaka Julai, na mwalimu hawezi kuwakataa, ila uhamisho kwenye mfumo unachelewa, mtoto yuko darasani hela yake iko shule aliyotoka. Kwenye shule moja wakiwa 10 hutaona, wakiwa 200 ni milioni 1.2 kwa mwaka imeenda kusikojulikana.

Na pia kama unataka kujua shule ya mwanao inapata ngapi, hutakiwi kubahatisha. Mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule na kusomwa kwenye kikao. Wazazi wangapi humu mmesoma huo ubao?

---

Mama Shamsa

Ubao upo mwalimu, una ratiba ya zamu na tangazo la mahafali ya mwaka juzi

---

Fundi Ujenzi Tandika

Mimi naingilia upande wa majengo kwa sababu nimejenga nimeona. Mnakumbuka hela za Uviko (korona) 2021, ule mkopo wa IMF wa trilioni 1.3, yakajengwa madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa milioni 20. 2022 tena madarasa 8,000 bilioni 160, piga hesabu ni milioni 20 ile ile. Nchi nzima bei moja. Kuna sehemu milioni 20 inatosha na chenji inabaki kwa sababu mchanga unachotwa mtoni, tofali mnafyatua hapo hapo, wananchi wanasogeza maji bure. Kuna sehemu nyingine saruji ikifika imeshabeba nauli ya lori la siku 2, huko inakuwa shida. Halafu kuna Dar.

Shida ya Dar siyo bei ya tofali. Huwezi kuweka darasa la chini popote, eneo limeisha. Unatakiwa upande ghorofa, na ghorofa ina nondo, ina msingi wa maana, ina ngazi, ina injinia wa kusaini, hiyo milioni 20 unaongea na mtu gani? Nimeona shule darasa jipya limewekwa kwenye uwanja wa mpira kwa sababu hela ya kujenga chini ndo iliyopo na muda wa kuitumia unaisha. Watoto 2,000 na kitu hawana pa kukimbilia hata mapumziko. Kwa karatasi serikali imeongeza darasa, ni kweli imeongeza.

---

Mlipa Kodi wa Luku

Mimi swali langu fupi. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa 1,500 kodi ya jengo, ilianza 1,000 mwaka 2021. Dar ndo kuna mita nyingi kuliko mkoa wowote, sensa ya 2022 tuko watu 5,383,728. Zamani hii kodi ilikuwa inakusanywa na manispaa. Kwa nini isirudi ijenge shule za Dar moja kwa moja, kila mji ujilipie shule zake? Mbona Marekani ndo wanafanya hivyo.

---

Mbongo wa Queens

@Mlipa Kodi wa Luku weeeh usiombe kitu usichokijua. Niko New York mwaka wa kumi na kitu sasa, wanangu wote wamesoma shule za umma hapa, ngoja nikupe habari.

Marekani hiyo kodi ya majengo ndo mzizi wa ubaguzi wenyewe. Sehemu nyingi wilaya ya shule inategemea kodi ya nyumba za eneo lake. Mtaa wa matajiri nyumba ni za bei mbaya, kodi kidogo tu inajaza shule maabara na bwawa la kuogelea. Mtaa wa maskini mnakatwa asilimia kubwa zaidi na hela inayopatikana bado ndogo. Familia za San Antonio, Texas, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, walipeleka hilo suala mpaka mahakama kuu ya nchi, 1973 wakashindwa 5 kwa 4, majaji wakasema katiba ya nchi haitaji haki ya elimu, nendeni majimboni kwenu.

Ndo watu wakaenda majimboni. Hapa New York wazazi walifungua kesi 1993 wakisema jimbo linapunja shule za jiji. Mmoja wao Robert Jackson, baba wa watoto watatu. 2001 jaji DeGrasse akawapa ushindi. 2002 mahakama ya rufaa ikaupindua, na sababu yake mtacheka, ilisema kiwango ambacho jimbo linadaiwa kumpa mtoto ni kama elimu ya darasa la 8 au la 9 hivi, inatosha kupata kazi za kawaida. Watu waliwaka! 2003 huyo Jackson akatembea kwa miguu kutoka jijini mpaka Albany kwenye makao makuu ya jimbo, maili 150, kama kilomita 240, kudai hela ya shule. Mwaka huo huo mahakama ya juu ya jimbo ikasema hapana, mtoto anadaiwa elimu ya sekondari yenye maana. 2006 wakaweka kiwango cha chini, dola bilioni 1.93 kwa mwaka ziongezwe kwa jiji. 2007 ikaja fomula mpya ambayo mtoto wa familia maskini, mtoto asiyejua Kiingereza na mwenye ulemavu anahesabiwa zaidi ya kichwa kimoja. Na ndani ya jiji nako mwaka huo huo wakaanza mgao wa namna hiyo shule kwa shule.

Mkadhani imeisha? Mtikisiko wa uchumi ukaingia, fomula ikagandishwa, jimbo likakubali kuijaza yote 2021 kwa awamu za miaka 3. Kesi ya 1993 imekuja kulipwa kikamilifu 2023/24. Watoto waliokuwa chekechea kesi inafunguliwa sasa hivi wana watoto wao shuleni.

Kwa hiyo kaka kodi ya Luku iache iende Hazina, gombania namna ya kuigawa ikishafika.

---

Wakili Uchochoroni

@Mbongo wa Queens asante kwa darasa, na hapo ndo napenda watu waelewe tofauti yetu. Kesi kama hiyo huku huwezi kuipeleka kirahisi. Katiba yetu ibara ya 11 inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha na serikali ijitahidi kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa. Maneno mazuri. Lakini iko kwenye sehemu ya malengo ya msingi, na ibara ya 7(2) inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Yaani mzazi wa Mbagala akienda Mahakama Kuu na hesabu zake za matundu 135, wakili wa serikali anasimama na ibara ya 7(2), mnarudi nyumbani kabla ya saa 5.

Kwa hiyo uwanja wetu ni bajeti. Bunge la Aprili mpaka Juni, fungu la TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa.

---

Mkaazi wa Eastlands

Salamu kutoka Nairobi. Sisi katiba ya 2010 imetaja wazi, kifungu cha 53, kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima, na mahakamani unaweza kwenda. Lakini msidhani shule zimeng'aa. Kibaki alipoanzisha elimu ya bure 2003 kila mtoto wa msingi alipewa shilingi 1,020 kwa mwaka, baadaye ikawa 1,420. Shule ya upili ya kutwa ni 22,244 kwa mwaka kwa karatasi, mwaka wa 2025 Waziri wa Fedha Mbadi akawaambia wabunge pesa iliyopo inatosha 16,900 peke yake. Mwalimu mkuu afanye nini na hiyo tofauti, apeleke watoto nyumbani walete karo, ndivyo inavyokuwa.

Na hapa mjini kuna jambo lingine ambalo nyinyi naona hamna sana. Mukuru, Kibera, Mathare, watoto wengi hawako shule za serikali kabisa, wako shule za mabati za watu binafsi, wazazi maskini wanalipa karo, kwa sababu shule ya serikali iko mbali au imefurika. Serikali ikigawa pesa kwa kichwa inahesabu vichwa vilivyo kwenye shule zake. Na kaunti ukiiuliza inakwambia kazi yake ni chekechea, kwingine ni serikali kuu.

---

Baba Wawili Mbagala

Nimesoma zote. Wakili umenikata maini lakini ni kweli.

Nieleze ninachotaka hasa, kwa sababu kuna mtu kaniuliza inbox kama nataka Dar ipewe zaidi ya Kigoma. Hapana. Nataka kichwa kisiwe kipimo pekee. Kila shule ipate kiasi cha msingi cha kuiendesha, iwe na watoto 300 au 3,000, maana mlinzi ni mmoja tu kote, hapo shule ndogo ya Mwl wa Porini inapona. Juu yake ndo ije hela ya kichwa, na hiyo elfu 10 ihuishwe, haiwezekani bei ya 2002 itumike mpaka leo. Halafu nyongeza kwa mambo ambayo yanapimika, shule iliyofurika kupita mara mbili ya kiwango, shule yenye watoto wenye ulemavu, shule ambayo imekaa miaka na walimu pungufu. Nyie wa Kigoma mtapata kwa kukosa walimu, Chamazi tutapata kwa kufurika. Na shule za Upanga kama Olympio na Diamond ambazo ni za serikali ila zinafundisha kwa Kiingereza na wazazi wanachangia kwa laki, hizo zisipate nyongeza. Hakuna atakayelia.

---

Mwl wa Porini

Hapo kwenye kiasi cha msingi kwa kila shule nakuunga mkono asilimia mia. Ila kwenye kufurika nina wasiwasi, ukilipa shule kwa sababu imefurika, kesho hakuna mwalimu mkuu atakayetaka kugawa shule. Shule mama inajenga shule shikizi (tawi lake dogo) jirani, watoto wanahamia, hela inapungua. Utaona watu wanaanza kupika idadi ya wanafunzi. Tulishawahi kuona wanafunzi hewa nchi hii, 2016 wakati wa uhakiki.

---

Vitabu vya Hesabu

@Mwl wa Porini hapo umenena. Dawa ni nyongeza ya kufurika iwe ya muda na iwe na jina, mfano hela ya vyoo na maji tu, ikishajengwa shule ya pili inakoma. Na hesabu ya vichwa ifanywe mara 2 kwa mwaka kwa miji, Machi na Agosti, ili wahamiaji wahesabiwe walipo. Hiyo haihitaji hata sheria mpya.

---

Chief Kiazi

Wewe mhasibu unaongea kama mtu mwenye cheo, tukuogope?

---

Fundi Ujenzi Tandika

Mnajadili elfu 10 wakati bomu lenyewe linakuja. Mtaala mpya si umeanza Januari 2024? Walioanza nao darasa la 3 mwaka ule wanamaliza msingi darasa la 6 mwaka 2027. Na waliokuwa mbele yao wanamaliza la 7 mwaka huo huo 2027. Januari 2028 madarasa mawili yanaingia form one kwa pamoja. Nchi nzima ni shida, ila vijijini kuna ardhi, hata kama ni kwa nguvu za wananchi watu watapandisha maboma. Hapa Temeke mtawaweka wapi? Shule za sekondari za kata zenyewe zingine zinaingiza kwa shifti.

---

Mama Shamsa

kumbe! wangu wa kati ndo yuko hapo hapo kwenye hilo kundi. Inamaanisha hao watoto watagawana madawati, walimu na maabara mara mbili kwa miaka 4 yote mpaka form four, siyo hiyo Januari tu

---

Fundi Ujenzi Tandika

Miaka 4 yote ndiyo. Na ukitaka ghorofa la madarasa 12 liwe limekauka Januari 2028 ilibidi mchoro uwe umeshasainiwa. Mimi najua madarasa ya dharura yanavyojengwa Novemba na Desemba, mkuu wa wilaya amesimama juu ya kichwa chako na wewe unapiga lipu juu ya tofali bichi.

---

Baba Wawili Mbagala

Hili la 2028 linastahili uzi wake, fundi ufungue wewe maana una data za ujenzi. Mimi kwa sasa nimechukua mawili ya kupeleka kwenye kamati ya shule yetu, ubao wa mapato na matumizi, na orodha ya wahamiaji ambao bado hawajahamishwa kwenye mfumo. @Vitabu vya Hesabu, hiyo orodha mzazi anaweza kuiomba kwa mwalimu mkuu au lazima iombwe na kamati kwa barua?

---

Vitabu vya Hesabu

Kamati iombe kwa barua, nakala kwa afisa elimu kata. Waombe idadi tu kwa darasa, majina ya watoto hayawahusu. Na muulize ruzuku ya mwezi uliopita iliingia kwa idadi gani ya wanafunzi, halafu siku hiyo hiyo wahesabuni walioko madarasani.